Maji yanaingia ndani ya gari na hujui yanapitia wapi? Mwongozo kamili wa kuyasaka mpaka uyakamate

Masika ya mwaka juzi Toyota Carina yangu ilianza kunuka. Sio petroli, sio mpira kuungua, ni ile harufu ya gunia lililolowa likasahauliwa stoo. Mama watoto ndo alikuwa wa kwanza kusema, akaniambia "hili gari linanuka dekio", mie nikasingizia samaki wa jana. Alafu asubuhi moja nampeleka hospitali ya Bombo bibi mmoja jirani yetu hapa Makorora, Tanga, kakaa siti ya mbele, kavua kandambili apumzishe miguu, hata hatujafika mbali nikamuona anaipandisha juu. "Mwanangu, humu chini mbona kuna bahari?"

Nilipomshusha nikainama nikabonyeza kapeti kwa kidole, maji yakapanda mpaka kwenye kucha.

Nikapeleka kwa fundi. Kapeti hakuinua, tochi hakushika, akatazama kioo cha mbele akasema "kioo hiki bosi", akazungushia silikoni kioo kizima kama anapamba keki. Mvua ikanyesha, maji yakarudi. Nikaenda kwa wa pili, naye silikoni. Tyubu nne zimekwisha na kila asubuhi bado nakamua taulo, mwisho nikaamua kulala chini ya dashibodi mwenyewe. Nilichokikuta ntakwambia mbele huko, ila kwanza shika jambo moja mana bila hilo utahangaika kama mie: unapoyaona maji sipo yalipoingilia. Yanaweza kuingia kwenye kona ya juu ya kioo, yakashuka ndani ya nguzo ya bodi (ile inayobeba paa), yakapita chini ya kapeti, yakaenda kutulia nyuma ya siti ya dereva kwa sababu tu gari unalipaki pua ikiwa juu. Ukikimbilia kuziba pale palipolowa unaziba hewa. Kwahiyo kazi yote hii, robo ni kuziba, robo tatu ni kutafuta.

Kwanza jua ni maji gani

Usifungue hata nati moja kabla hujajiuliza maji yanakuja lini. Yakija baada ya mvua au baada ya kuosha gari, basi ni ya nje, endelea kusoma. Ila kama hakujanyesha wiki mbili, jua kali, na upande wa abiria umelowa, hiyo karibu mara zote ni AC. Hapa kwetu pwani hewa imejaa unyevu, AC ikifanya kazi kwa foleni tu ya kutoka Pongwe kuingia mjini inakamua maji mengi sana, na maji yale yanatakiwa yashuke kwenye kipaipu kidogo kinachotokeza chini ya gari. Kikiziba yanafurika ndani. Maji ya AC ni safi, hayana rangi, hayanuki mwanzoni, na yana ubaridi. Kipimo chake rahisi: washa AC dakika kumi na tano gari limesimama, shuka uchungulie chini. Pasipokuwa na kidimbwi chini ya gari na siku yenyewe ni ya jasho, umeshamkamata mwizi.

Kuna na maji ya hita. Hita ni kirejeta kidogo kilichofichwa ndani ya dashibodi, maji ya moto ya injini yanapita humo. Kikitoboka, maji yanayomwagika yananata, yana harufu tamu tamu, yana rangi ya kijani au nyekundu, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta ambao ukifuta unazidi kuchafuka. Ila tusidanganyane, wangapi tunaweka kulanti, yale maji maalum ya rangi ya kupoza injini? Wengi tunajaza maji ya bomba, kwahiyo usisubiri uone kijani. Wewe angalia rejeta asubuhi injini ikiwa baridi, kama kila siku inapungua na chini ya gari pakavu, na kapeti limelowa maji yenye kutu, ni hita. Na kama unatumia kulanti basi usiionje kujua kama ni tamu, ni sumu, na paka na kuku wasiyasogelee yaliyomwagika.

Dawa ya haraka ya hita kwa gari la zamani inajulikana: kwenye ukuta wa injini kuna hosi mbili zinaingia ndani ya dashibodi, injini ikiwa baridi unazichomoa zote mbili unaziunganisha zenyewe kwa zenyewe kwa kipande cha paipu na klipu mbili za kubana, hita imeondolewa kwenye mzunguko. Tanga hita unaitakia nini? Labda uwe mtu wa kupanda Lushoto mwezi wa saba.

Na mwisho kuna maji ya ndoo, namaanisha yaliyoingia kwa mlango mkiwa mnajua. Ukibeba samaki na barafu kutoka soko la samaki la Deep Sea, boksi likavuja kwenye buti, hayo ni maji ya chumvi na chumvi inavuta unyevu wa hewani, kwahiyo kapeti utalianika Jumatatu, Jumatano linalowa tena bila mvua. Utadhani una jini. Hapo hakuna cha kuziba, toa kapeti, lioshe kwa maji baridi mengi mara mbili tatu mpaka chumvi iishe, alafu ndo ukaushe. Na bati la chini nalo lioshe, mana maji chumvi na bati vikikaa pamoja unajua mwisho wake.

Vua gari

Najua ndo sehemu ambayo kila mtu anairuka. Unaona kapeti limekauka juu unafurahi. Chini ya kapeti kuna sponji nene kama godoro la mtoto, na sponji hiyo inaweza kukaa na maji mwezi mzima huku juu pakavu kabisa. Kwangu nilipoinyanyua ilikuwa nzito mpaka nikamuita mpwa wangu tushike wawili, tukaiweka juu ya ukuta wa uani, ikatiririka kama tumetoa nguo kwenye beseni.

Vitu unavyohitaji sio vingi. Soketi ya 14 na ya 10, bisibisi ya nyota na ya bapa, tochi ya kichwani (ya mkononi itakutesa), mpira wa maji wa kawaida, pauda ya mtoto ya bei rahisi, gazeti kuukuu, na mtu mmoja wa kukusaidia ambaye hana haraka.

Toa waya wa hasi wa betri kwanza usubiri kama dakika kumi, hasa kama gari lako lina eabegi, mana chini ya siti kuna waya na ukiona soketi ya rangi ya njano hiyo ni ya eabegi au ya mkanda, ichomoe taratibu na usiwashe swichi ya gari ikiwa imechomolewa, la sivyo taa ya eabegi itabaki inawaka kwenye dashibodi. Siti ya mbele imeshikwa na bolti nne, magari mengi ya Toyota ni za 14. Siti ya nyuma ile ya kukalia mara nyingi inatoka kwa kuinyanyua mbele kwa nguvu, zingine zina bolti. Alafu plastiki za kizingiti cha mlango, hizo ni za kubana tu, vuta juu taratibu, gari la miaka ishirini na kitu plastiki imeshakuwa kavu kama kaukau.

Ukishalitoa kapeti piga picha za bati lote kabla hujafuta. Serious kabisa, piga picha. Maji yanaacha alama: mstari wa kutu, mstari wa vumbi lililogandia, doa la rangi ya chai. Alama hizo ndo ramani yako, zifuate kwenda juu sio kwenda chini. Angalia na waya pia. Kwenye magari mengi waya za kwenda nyuma zinapita pembeni chini ya kapeti, na soketi zikikaa majini shaba inaota ukijani, ndo unaanza kusikia taa ya breki haiwaki, vioo havipandi, gari linazima lenyewe, unabadilisha fyuzi mpaka unachoka kumbe mzizi ni maji. Kwangu soketi moja tu ndo ilianza ukijani, nikaisugua kwa mswaki na spiriti.

Alafu kausha. Jua la Tanga ni bure, anika kapeti upande wa sponji ukiwa juu, sio ule wa manyoya, siku mbili au tatu. Bati futa mpaka gazeti likikaa usiku kucha asubuhi liwe kavu. Usianze kujaribu maji kabla bati halijakauka, mana hutajua tone jipya ni lipi.

Jaribio la mpira wa maji

Hapa ndo penye kazi yenyewe na ndo mafundi wengi wanapokosea kwa haraka. Usipeleke gari kwa wale wa kuosha kwa presha ukasema "mwagia tu tuone". Presha inasukuma maji mpaka mahali ambapo mvua haiwezi kufika, utaziba matundu ambayo hayakuwa na kosa.

Chukua mpira wa kawaida, hauna kichwa cha kunyunyizia, maji yatiririke tu kama bomba la msikitini. Nyunyiza pauda ndani, pale bati la chini linapokutana na ukuta wa injini, na kwenye vizingiti, na pembeni za nguzo. Tone likipita juu ya pauda linaacha njia nyeusi, hata kama hukuliona likipita. Mtu mmoja ndani na tochi, mmoja nje. Madirisha yote yamefungwa kwahiyo mkubaliane lugha: sisi tulikuwa, akigonga kioo mara moja ni pakavu, mara mbili ni yanaingia.

Siri ya jaribio ni kuanza chini kupanda juu. Ukianza juu ya paa maji yanashuka kila mahali, ukiona tone hujui ni la paa au la mlango. Anza na chini ya mlango, kaa hapo dakika tano mpaka kumi bila kuhama (ndio, dakika kumi ni ndefu, chukua kiti), alafu panda kwenye kioo cha mlango, alafu chini ya waipa, alafu pembeni ya kioo cha mbele, alafu kona za juu, mwisho kabisa paa. Kila sehemu uipe muda wake kabla ya kupanda. Na usitosheke na tundu la kwanza, gari la zamani halina tundu moja.

Mpwa wangu alilala chali, kichwa chini ya droo ya dashibodi, miguu kainyoosha kuelekea nyuma, milango imefungwa. Mlango dakika kumi, ngo, mara moja. Kioo cha mlango, ngo. Nikaweka mpira chini ya waipa upande wa abiria, nikahesabu, nikatuma salamu kwa watu wawili waliopita na baiskeli, kama dakika ya nne nasikia sio kugonga tena, ni kelele kabisa. "Mjomba! Mjomba linaning'inia!" Nikaacha mpira nikachungulia. Kwenye boksi jeusi la feni ya AC, pale ambapo plastiki mbili zimeungana, kulikuwa na tone moja limenenepa, limebeba mwanga wa tochi, likakatika likamdondokea shingoni, nyuma yake likaanza jingine.

Kioo cha mbele, kile kilichokula tyubu nne, hakikuwa na tatizo lolote.

Chini ya waipa: mtuhumiwa namba moja

Ule ubao wa plastiki mweusi ulio kati ya boneti na kioo, chini yake kuna mfereji. Maji yote ya kioo yanaangukia humo alafu yanatokea kwenye matundu mawili, kushoto na kulia, yanashukia nyuma ya fenda. Humo humo kwenye mfereji ndo kuna mdomo unaovuta hewa ya nje kupeleka kwenye feni, na kwenye magari yetu ya usukani wa kulia feni ipo upande wa abiria. Matundu yakiziba mfereji unajaa kama karo, maji yanapanda mpaka kwenye mdomo wa hewa, yanaingia kwenye feni, yanamdondokea bibi miguuni.

Na nani anaziba? Majani. Mie nilikuwa napaki chini ya mwarobaini kwa ajili ya kivuli, na jani la mwarobaini ni jembamba linapita kwenye matundu ya plastiki kama limekatwa kwa kipimo. Nilitoa fuko zima la mbolea pale, na mche umeota, sikutanii, mche wa kidole kimoja.

Kufungua: inua boneti, toa mikono ya waipa (kwangu nati ya 14, weka alama ya kalamu kwenye kioo kabla hujaitoa ili urudishe pale pale), toa pini za plastiki, nyanyua ubao. Zoa taka kwa mkono, usimwage maji kwanza mana utazisukuma ndani zaidi. Alafu kwa matundu yenyewe tumia kebo kuukuu ya breki ya baiskeli, na Tanga fundi baiskeli hajawahi kukosekana mtaa wowote, ingiza huku unaizungusha. Ikigoma kabisa fungua madigadi ya plastiki juu ya tairi uchomoe taka kwa chini. Ukimaliza mwaga nusu ndoo, yasikilize yanavyoshuka. Yakitoka chini ya gari kwa mkupuo upo vizuri. Kabla hujafunga mulika kwenye kona za mfereji kama kuna kutu iliyotoboa, na mulika ukuta wa injini pale waya zinapopita, mana fundi wa alamu na wa redio wana tabia ya kutoboa tundu jipya na kuliacha hivyo hivyo bila raba.

Milango

Hii watu wengi hawaijui: mlango wa gari umetengenezwa uingize maji. Maji yanashuka kwenye kioo yanaingia ndani ya mlango, hiyo ni kawaida, yanatoka chini kwenye vitundu. Kinachoyazuia yasije ndani kwako ni karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya kava la ndani la mlango. Na hiyo nailoni ndo ya kwanza kuuawa na fundi wa spika, au fundi wa mota ya kioo, anaichana, anapitisha waya zake, anarudisha kava, anakukabidhi funguo na muziki unalia. Maji yanaanza kuingia msimu unaofuata na hutakumbuka kwamba uliweka spika.

Kwangu tundu la pili lilikuwa hapo, mlango wa nyuma kushoto, tuliligundua siku ya pili ya jaribio. Dalili yake: kizingiti kinalowa kwa ndani lakini raba ya mlango ni kavu. Ukifunga breki ukasikia maji yanabembea ndani ya mlango kama dafu, hiyo ni vitundu vya chini vimeziba, vichokonoe kwa waya hapo hapo.

Kurekebisha nailoni: nunua ile nailoni ngumu ya kupima kwa mita dukani, kata kwa kufuata umbo la ile ya zamani, acha nafasi kubwa pembeni. Gundi yake ni ile kamba nyeusi laini inayonata isiyokauka, wauza vioo vya magari wanayo, mara nyingi ya zamani bado ipo kwenye mlango na ukiipasha kwa jua inanata tena. Futa bati kwa spiriti, bandika kuanzia juu, kandamiza kwa dole gumba kila inchi. Jambo la kushika hapa ni ncha ya chini: isiishie nje ya bati, ichomeke ndani ya ule mwanya wa mlango ili maji yakishuka juu ya nailoni yaangukie ndani ya mlango, sio kwenye kapeti lako. Watu wanabandika vizuri kote alafu wanaiacha ncha ya chini inaning'inia nje, wamejenga mfereji wa kuleta maji ndani.

Raba za milango zipime kwa karatasi. Fungia kipande cha gazeti mlangoni, vuta. Likitoka kwa shida ni sawa, likiteleza raba imelala hapo. Kabla ya kununua raba nyingine nyanyua mlango kwa mkono ukiwa wazi, ukicheza juu chini basi tatizo ni bawaba, mlango umelala, na raba mpya haitasaidia kitu. Raba iliyokauka tu ipake glisirini ya duka la dawa, usipake vaselini wala oili, mafuta ya jamii hiyo yanaivimbisha na kuilegeza.

Buti

Ukikuta maji kwenye shimo la spea, washukiwa ni taa za nyuma kwanza. Nyuma ya taa kuna sponji au raba, miaka inaifanya kuwa unga. Tatu au nne nati za 10, taa inatoka, kwangua mabaki yote, zungusha ile ile kamba nyeusi, rudisha, kaza kwa zamu usije ukapasua plastiki. Wa pili ni raba ya buti. Wa tatu ni matundu ya hewa yaliyofichwa nyuma ya bampa, vile vipande vya plastiki vyenye ulimi wa raba vinavyotoa hewa unapofunga mlango, gasketi yake ikifa maji ya tairi yanarushwa ndani.

Kumtafuta laza siti ya nyuma umulike kutokea ndani. Usimfungie mtoto kwenye buti na tochi, nimeona watu wakifanya hivyo, kufuli la gari la zamani silo la kuliamini. Shimo la spea lina kizibo cha raba, kitoe maji yashuke kama umezidiwa na mvua, lakini usitoboe tundu jipya, unaita kutu kwa jina lake.

Paa na vioo

Doa la rangi ya chai kwenye kitambaa cha juu, karibu na kona, linamaanisha paa. Chini ya ile mistari ya plastiki inayokwenda mbele nyuma juu ya paa kuna mfereji uliojazwa sila (gundi nzito ya kuziba viungio vya bati) kiwandani, na sila ya mwaka 1998 imepigwa jua mpaka imepasuka kama udongo wa shamba la mpunga. Nyanyua mstari, kwangua sila iliyokufa, sugua kutu kwa brashi ya waya mpaka bati ling'ae, paka red oxide (rangi ya chini ya kuzuia kutu), ikikauka jaza sila ya bodi, ndo rangi juu yake. Kama umefunga keria angalia bolti zake, na mguu wa antena. Gari lenye dirisha la paa lina vipaipu vinavyoshuka ndani ya nguzo, visafishe kwa kebo nyembamba taratibu, usipulize kwa upepo wa gereji mana paipu linachomoka ndani ya nguzo na kulirudisha ni kubomoa nusu ya gari.

Kioo cha mbele kinavuja kweli, sikatai, hasa kama kiliwahi kubadilishwa. Kukipima bila maji: funga madirisha yote, feni mwisho kabisa ikivuta hewa ya nje, alafu pakaza maji ya sabuni kwenye ukingo wa kioo kwa nje. Panapotoka povu ndipo. Ikithibitika, dawa ni kukitoa, kusafisha kutu ya ukingo, primer na gundi ya vioo vya magari, na hiyo mpe fundi vioo, sio kazi ya uani. Kioo kikitolewa vibaya kinapasuka. Ile silikoni inayonuka siki usiiweke kwenye bati kabisa, asidi yake inakula chuma na rangi haishiki juu yake tena, mie hadi leo nakwangua mabaki ya zile tyubu nne kwa wembe.

AC, na kurudisha vitu

Kipaipu cha AC kipo kwenye ukuta wa injini upande wa abiria, kinatokeza kama kidole cha raba. Chokonoa kwa waya laini sentimita chache tu, usisukume kwa nguvu mana ndani kuna evaporeta, kile kirejeta cha AC kinachopoza hewa, na ukiitoboa gesi yote imeondoka. Kaa pembeni kidogo, maji yake yakifunguka yanakuja na utelezi na harufu.

Bati lenye kutu ya juu juu sugua, paka red oxide na rangi. Likiwa limetoboka tafuta fundi bodi aweke kiraka cha bati, sio puti. Vizibo vya raba vya sakafu vihesabu, kimoja kikikosekana kila dimbwi la barabarani ni lako. Sponji inayonuka ioshe kwa sabuni ya unga kidogo, suuza, anika mpaka ndani, kisha nyunyiza baking soda uiache usiku kucha, asubuhi kung'uta. Jik usiweke, inakula rangi ya kapeti na harufu yake utalala nayo.

Alafu rudia jaribio la mpira, lote, kutoka chini kwenda juu, na bati likiwa wazi. Likipita, vumilia kuendesha bila kapeti kidogo. Kelele za barabara zitakuudhi, abiria watauliza kama gari unaliuza, waache. Mie niliendesha hivyo mpaka mvua ya tatu, ile iliyofunga barabara za Ngamiani kwa nusu siku, asubuhi nikaenda na gazeti nikalipitisha kwenye bati lote, kavu. Jioni ile ile nikarudisha kapeti, na kupaki nikahamia upande wa pili wa uwanja, mbali na mwarobaini, japo mchana siti zinaunguza.